Bonyeza Moja Kama Umemeza Dawa

Mimi sina subira na mashine. Watu hushangaa wakisikia hivyo, kwa maana ndizo zinazonilisha, lakini ndivyo nilivyo. Kompyuta ikisitasita naitukana kwa lugha ya nyumbani, na wenzangu ofisini wamezoea. Nikianza, wanavaa vile vitu vya masikioni na kuendelea na kazi zao. Marehemu baba alikuwa vivyo hivyo na lifti. Alikuwa fundi wa lifti katika majengo ya katikati ya jiji tangu ujana wake hadi alipostaafu, na mama husema aliongea na lifti kuliko alivyoongea na binadamu. Nyingi alizitukana, chache alizibembeleza.

Ofisi yetu iko mjini, juu ya duka la vitambaa, katika jengo ambalo lifti yake baba aliwahi kuitengeneza na ambayo siku hizi ni kabati la mafundi rangi. Kazi yetu ni kuwapigia wagonjwa simu kwa niaba ya hospitali: watu wa sukari, watu wa presha, wote wanaotakiwa kumeza dawa kila siku ya Mungu. Wanaopiga si sisi wenyewe, ni mashine. Asubuhi simu ya mgonjwa inalia, sauti inamsalimia, inamwuliza kama amemeza dawa. Bonyeza moja kama umemeza, bonyeza mbili kama hujameza. Kisha inamwomba aseme kwa maneno yake anavyojisikia, na anayoyasema yanarekodiwa na kuwekwa, daktari akiyahitaji ayasikilize.

Sauti hiyo ni yangu. Tulipoanza tulikuwa watu wachache na haraka nyingi, basi siku moja nilijifungia kwenye chumba cha mafagio, nikajifunika koti kichwani ili honi za barabarani zisiingie, nikaiambia simu yangu: "Habari ya asubuhi. Je, umemeza dawa zako leo?" Ilikuwa ya kujaribia tu. Tulikubaliana tutatafuta mtu wa redio, mwenye sauti ya maana. Haki ya Mungu, mpaka leo hatujamtafuta.

Jambo la kwanza lililotushinda lilikuwa salamu. Watu wetu hawajibu swali kabla salamu hazijaisha. Sauti inasema habari ya asubuhi, mzee anajibu, "Nzuri sana, na yako je?" halafu ananyamaza, anangoja aambiwe. Mashine nayo ikisikia kimya inadhani hakuna mtu, inakata. Malalamiko yakaja mengi: huyo msichana wenu hana adabu. Aliyenifumbua macho ni baba. Sukari ilipomwandama nilimwandikisha mimi mwenyewe, na Jumapili iliyofuata, nilipokwenda kuwaona nyumbani kwao mtaa wa Jamhuri, nilimkuta amenuna.

"Mama," akaniambia. Baba aliniita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake; kwetu magharibi ndivyo ilivyo, ukibeba jina la mtu unabeba na heshima zake. "Mama, yule wa simu nimemsalimia akanikatia."

"Si mtu, baba. Ni mashine. Sauti tu ndiyo yangu."

"Najua ni sauti yako. Ndiyo maana nimeudhika."

Nikarudi ofisini, nikaiongezea mashine nafasi ya kungoja baada ya salamu, iwaache watu wamalize adabu zao. Malalamiko yakapungua. Baba naye akatulia, ingawa mama aliniambia bado alikuwa akiisalimia na kungoja jibu, kila asubuhi.

Siku nyingine aliniuliza hasa ninafanya kazi gani. Nikamweleza kwamba programu zetu tunazifunga ndani ya makontena. Si yale ya mabati ya kando ya Barabara ya Ngong, yaliyogeuzwa maduka na saluni. Haya hayaonekani kwa macho. Unaichukua programu na kila inachohitaji, unaifungia humo peke yake, unaipa funguo chache tu za inapopaswa kuingia, na popote utakapolipeleka kontena hilo litafanya kazi ile ile. Likiharibika unalizima na kuwasha jingine kama hilo. Baba alinisikiliza na kichwa upande mmoja, vile alivyokuwa akisikiliza waya za lifti.

"Na likikwama," akauliza, "ndani kuna mtu?"

"Hakuna mtu, baba."

"Basi si mbaya," akasema, akarudi kwenye chai yake.

Alifariki mwaka jana, mvua za masika zikielekea kuisha. Tulimzika kwetu magharibi. Kwetu, baada ya mazishi, ukoo hukaa siku ya kunyoa nywele, na siku hiyo vitu vya baba viligawanywa. Makoti yalikwenda kwa baba zangu wadogo. Sanduku la spana alipewa binamu aliye fundi. Ilipofika zamu ya simu, mkubwa wa baba zangu alisema isizimwe. Marehemu alikuwa mtu wa watu, akasema, watampigia wengi ambao hawajasikia, na si heshima mtu apewe habari ya msiba na ile sauti ya mteja hapatikani. Simu ibaki kwa mjane, ichajiwe, ipokewe, kila atakayepiga aambiwe kwa mdomo, hadi ukumbusho wa mwaka. Mama akaipokea kwa mikono miwili. Sote tuliona ni neno zuri, na mimi pia niliona hivyo.

Nikarudi Nairobi, kwenye nyumba yangu ya kupanga Kileleshwa, nikajitupa kazini. Ndivyo ninavyoomboleza mimi. Wengine hulia, mimi hugombana na kompyuta. Na kazi ilikuwepo. Sheria inampa kila mtu haki ya kuuliza mnajua nini kunihusu, rekebisheni hiki, futeni kile, na maombi yalikuwa yakiingia kwetu yakirundikana kama vyombo vya harusi. Mwanasheria wetu alikuwa akiyashughulikia kwa mkono na alikuwa amechoka. Huyu ni kijana wa pwani, mdogo kwangu kiumri, mtu wa kuswali kwa wakati na kula mahamri kwa wakati, ambaye hajawahi kuisamehe Nairobi kwa baridi yake wala kwa Kiswahili chake. Ukimwambia "sasa" anakuangalia tu mpaka useme hujambo.

"Dada," akaniambia, "nitafutie karani asiyelala."

Nikamtengenezea. Tulimwita hivyo hivyo, karani, ingawa ni programu. Mtu akiomba afutwe, karani anahakikisha kwamba ombi limetoka kwenye nambari yake, anapita kwenye hifadhi zetu zote, anakusanya kila kinachomhusu, anafuta, kisha anamwandikia ujumbe kwamba imekwisha. Nilimfungia kwenye kontena lake na funguo zake chache. Akimaliza ombi moja kontena linazimwa na yote aliyoyaona yanapotea nalo. Ombi linalofuata linawashiwa kontena jipya, halijui lolote. Hilo ndilo nililolipenda. Karani mwenye mwili angefika nyumbani akamsimulia mkewe.

Mwanasheria alidai masharti mawili. Karani akikuta jambo asiloelewa asimame, aite mtu. Na ombi lolote linalomhusu marehemu lisitekelezwe mpaka lipate sahihi ya mhandisi na sahihi yake yeye. Nikamwambia anaongeza urasimu. Akaniambia maiti hawezi kuja kulalamika, ndiyo maana. Mwishowe nikarudi kwenye chumba cha mafagio na koti langu, nikarekodi maneno ya kuongezwa mwisho wa simu za asubuhi: "Sauti yako na taarifa zako tunazihifadhi. Ukitaka zifutwe, bonyeza tisa."

Niseme jambo moja kabla sijaendelea. Nilijua sauti ya baba imo kwenye hifadhi yetu. Nilijua vizuri sana. Nyumbani hatukuwa na sauti yake nyingine yoyote, kwa sababu katika kila video ya familia yeye ndiye aliyeshika simu, na akiongea unasikia "sogeeni, sogeeni" tu, halafu upepo. Lakini kwetu kazini kulikuwa na asubuhi zake zote. Sikuwahi kufungua jina lake. Nilijiambia ni kwa sababu kanuni hazituruhusu kusikiliza bila sababu, na hiyo ni kweli, lakini kweli zaidi ni kwamba niliogopa. Nilikuwa nimeiweka akiba. Ukumbusho wa mwaka ukifika, nilijiahidi, nitaomba ruhusa, nitaipeleka nyumbani, nitaiweka mezani katikati ya watu, na baba atasema habari ya asubuhi.

Asubuhi tuliyomweka karani kazini, mwanasheria alileta mahamri kwenye karatasi na kusimama nyuma ya kiti changu akitafuna.

"Maji ukiyavulia nguo…" akaanza.

"Kama una methali, nenda nayo mezani kwako," nikamwambia, nikaandika amri, nikabonyeza. Kontena likawaka.

Na lilifanya kazi, sitasema uongo. Ombi la kwanza lilikuwa la bwana mmoja aliyehama hospitali. Karani akamfuta kabla chai haijapoa. Akaja mama mmoja wa Lavington aliyeandikishwa kwa nambari ya mlinzi wake wa getini, kiasi kwamba mlinzi ndiye aliyekuwa akiulizwa kila asubuhi kuhusu presha. Karani akalipanga hilo. Mwanasheria akaanza kuimba kwa sauti ya chini. Kisha karani akasimama, na maandishi yakatokea kwenye kioo changu:

"Nahitaji mtu. Anayeomba anasema mwenye taarifa amefariki. Lakini kumbukumbu zinaonyesha mwenye taarifa amemeza dawa leo asubuhi."

Nilicheka. "Ona hii takataka! Siku ya kwanza tu imeshalewa." Nikafungua nione kosa liko wapi. Nambari ya baba naijua kuliko yangu mwenyewe. Chini yake yalikuwa maneno ya aliyeomba, yaliyosemwa kwa mdomo na kugeuzwa maandishi: "Mwenye hii simu alifariki. Naomba mumtoe kabisa kabisa. Na yale maneno alikuwa anawaambia, hayo pia mtoe. Mimi ni bibi yake."

Niliyasoma yote. Halafu nikapandwa na hasira, na nataka nieleweke: hasira za kweli, za kumkasirikia mama yangu mzazi. Angewezaje? Aende kwa mashine amwombe mtu asiyemjua amfute baba, na mimi niko hapa, nina simu, ninakwenda kila Jumapili? Nikaipiga meza mpaka mahamri yakaruka. Mwanasheria akainama, akasoma, akaacha kutafuna.

"Ni mzee?" akauliza.

"Ni baba."

"Pole, dada. Wallahi, pole." Akasogeza kipanya mbali na mkono wangu, taratibu, kama mtu anayeondoa kisu mezani. "Usiguse kitu leo. Nenda kwa mama."

Nikapanda boda mpaka Jamhuri. Mama alikuwa nyuma ya nyumba kwenye kigoda, sinia la kunde mapajani, anachambua. Simu ya baba ilikuwa imefungwa kwenye pindo la leso yake. Sikusalimu. Mimi, niliyeifundisha mashine kungoja salamu, nilisimama mbele ya mama yangu nikaanza na swali.

"Mama, ni wewe umebonyeza tisa?"

Aliinua macho. Hakushtuka. "Kumbe imekuja kwako? Mimi nilidhani inaenda kwa wakubwa."

"Mimi ndiye mkubwa, mama."

"Haya, mkubwa. Keti basi, uache kunizibia jua."

Nikaketi kwenye ngazi. Aliendelea kuchambua, na akaniambia bila kuniangalia.

"Tulikuwa tumetoka tu kuzika. Asubuhi simu ikalia, nikaipokea vile niliambiwa nipokee. Nikasikia ni wewe. Habari ya asubuhi, umemeza dawa zako leo? Nikakuambia, mzee alifariki. Ukanijibu, samahani, sijakuelewa, umemeza dawa zako leo?"

"Mama, haikuwa mimi…"

"Najua haikuwa wewe. Mimi si mjinga. Lakini ilikuwa wewe." Akatupa shina la kunde. "Nikakuambia tena, alifariki, tumemzika. Ukasema samahani, sijakuelewa. Nikabonyeza mbili. Kijana fulani akanipigia, mpole, kwa nini mzee hajameza dawa. Nikamweleza. Akasema pole sana mama, tutamtoa. Kesho yake ukapiga tena."

Hapo nilijua kilichotokea. Yule kijana wetu, anayewapigia wanaobonyeza mbili, aliandika habari hiyo kwenye daftari lake la kompyuta, ambalo halikuwa na mlango wa kufikia mashine inayopiga. Hospitali ndiyo iliyotakiwa kutuarifu, na hospitali haikutuarifu. Lakini ningemwambia nini mama?

"Usipopokea, inapiga tena na tena. Na mimi niliagizwa nisiache simu yake ilie. Basi siku moja nikachoka, nikabonyeza moja. Ukafurahi. Ukasema vizuri sana, uwe na siku njema. Ukaniacha." Alipumua. "Tangu siku hiyo nabonyeza moja. Kila asubuhi, hata kabla sijasali, namdanganyia marehemu kwamba amemeza dawa. Kuna siku najisikia nimefanya dhambi. Na kuna siku, sitakuficha, nabonyeza naona ni kama kweli amemeza, yuko tu bafuni."

"Mbona hukuniambia, mama? Kila Jumapili niko hapa!"

"Ningekuambia nini? Hiyo ni kazi yako. Baba yako wageni wakija alikuwa anaweka spika, sikieni, huyu ni binti yangu anaamsha watu Kenya nzima. Mimi nikuambie kazi yako inanitesa?"

Nililia. Nililia vibaya, kamasi na vyote, uso kwenye magoti, na mama aliniacha nilie mpaka nikachoka. Nilipoweza kuongea nilimwambia simu hizo zitakoma kesho nikifika ofisini. Nitazisimamisha kwa mkono wangu mwenyewe. Lakini sauti yake tuiache. Simu kukoma ni jambo moja na sauti kufutwa ni jambo jingine, moja linawezekana bila la pili. "Hatuna nyingine, mama. Ukumbusho nitawaletea muisikie."

Mikono yake ikasimama juu ya sinia. "Uliisikiliza?"

"Bado."

"Usiisikilize."

"Ni baba yangu!"

"Ni bwana yangu," akasema, bila kupandisha sauti. "Kabla hajakuwa baba yako alikuwa bwana yangu. Hayo aliyokuwa anaiambia hiyo simu mimi niliyasikia kwa sababu tulikuwa kitanda kimoja. Akimaliza kuisalimia, alikuwa anaiambia vile anaumwa. Vile anaogopa. Mambo mengine sitayasema hata kwa pasta. Nikamwuliza, sasa wewe, binti yako anakuja Jumapili, anaketi hapo, unamwambia uko sawa kabisa, halafu Jumatatu unaongea na simu yake? Akaniambia, huyu wa simu halii. Wetu atalia."

Mikono yake ikarudi kwenye kunde.

"Akaniambia nisiache siku moja uyasikie. Nikamwahidi. Sikujua hata kama yamewekwa, nilidhani yanapita tu na upepo. Leo asubuhi ndiyo nimekusikia ukisema mwenyewe, sauti yako tunaihifadhi, ukitaka ifutwe bonyeza tisa." Akaniangalia sasa, kwa mara ya kwanza tangu niketi. "Ndiyo nikabonyeza."

Nilibaki pale hadi kunde zikaiva, nikazila kwa ugali pamoja na mama, simu ya baba mezani kati yetu. Kuhusu sauti sikumwahidi kitu. Kabla sijaondoka alinifungia nyingine kwenye kopo, kama kawaida.

Asubuhi iliyofuata niliingia ofisini kabla ya wengine. Nilimfungua baba. Karani alikuwa bado amesimama pale pale, anangoja, na mbele yake alikuwa amepanga kila alichokipata: jina, nambari, dawa, na rekodi, moja chini ya nyingine, kila moja na kile kitufe chake kidogo cha kusikiliza. Nyingine zilikuwa fupi. Za miezi ya mwisho zilikuwa ndefu, ndefu sana kwa mtu aliyekuwa akiniambia yuko sawa kabisa. Niliweka kishale juu ya moja. Nilichohitaji ni kusukuma kidole. Hakuna ambaye angejua. Mama hangejua, karani angezimwa akasahau. Nilitamani nisikie hata ile salamu tu, nikate kabla hajaendelea. Nilijua pia kwamba singekata.

Sijui nilikaa hivyo muda gani. Mwanasheria aliingia, akavua skafu, akaona.

"Hii si yako kuigusa," akasema. "Wewe ni jamaa. Atasaini mhandisi mwingine."

"Nani mwingine? Amguse mtu asiyemjua?" Nilimfokea, naye hakustahili.

Akavuta kiti, akakaa kitako karibu nami, akafikiri. "Kwetu," akasema mwishowe, "mtu akifa, anayemwosha ni jamaa wa karibu, akiweza. Mimi nilimwosha babu yangu. Unaona mwili wote, kila kilichokuwa kimefichwa. Lakini huangalii zaidi ya unachohitaji kuosha, na ukishatoka pale, hulisemi ulilolikuta hadi na wewe uoshwe. Mwosha huoshwa, dada." Akanigeukia. "Kama utaweza hivyo, saini wewe. Kama huwezi, niachie."

Niliondoa kishale. Nikafunga dirisha lile la rekodi bila kubonyeza, nikabaki na ukurasa wa sahihi peke yake. Nikaitukana kompyuta kwa lugha ya nyumbani, na mwanasheria akasema amina ingawa hakuelewa neno. Nikasaini. Akasaini. Karani akaingia kwenye hifadhi moja baada ya nyingine, na kila alipotoka mstari ulitokea kwenye kioo ukisema hapa hamna kitu tena, hapa hamna kitu tena, hata kwenye nakala za akiba. Kisha akatuma ujumbe wake, na kontena likazimwa.

Nilikwenda kwenye ngazi nikakaa mbele ya mlango wa ile lifti mbovu. Nilimlilia baba pale kwa mara ya kwanza bila kazi yoyote mkononi.

Kesho yake, nikiwa nyumbani Kileleshwa natafuta viatu, simu yangu ililia. Kwenye kioo paliandikwa Baba. Najua ni mama aliye nayo, nilijua tangu siku ya kunyoa nywele, lakini moyo haujui.

"Nilipata ujumbe wenu," mama akasema. "Unasema ati hamna tena taarifa yoyote inayonihusu."

"Ndiyo, mama. Ni mimi niliyeuandika."

"Umeandika vizuri." Nikasikia kijiko kikigonga kikombe. "Sasa leo hukupiga."

"Haitapiga tena, mama. Imekwisha."

"Najua imekwisha. Si ni mimi niliomba." Kijiko kikaacha kugonga. "Niliamka nikaketi kitandani, nikaishika hii simu, nikangoja. Nimeona ni heri nikupigie mimi."

Nikaketi chini kwenye sakafu, kiatu kimoja mguuni. Nikasema lile ninalolijua.

"Habari ya asubuhi, mama."

"Nzuri, mwanangu," akasema. "Na yako je?"

Halafu akanyamaza, akangoja jibu, kama alivyokuwa akingoja baba.

"Si nzuri, mama," nikamwambia. "Si nzuri hata kidogo."